Mlango wa Namba Saba

Siku mliponiaga mlinipa kipaza sauti mkasema niwaachie maneno machache. Niliona mbuzi ameshakatwa na wengi wenu mnatazama sahani kuliko mnavyonitazama mimi, kwa hivyo nikasema asante nikaketi. Lakini Sharon, ambaye sasa anakalia meza yangu, hachoki kunipigia simu. Anataka kujua nilikuwa nafanyaje na wenye nyumba na wapangaji wao ugonjwa ukiingia mtaani. Basi Sharon, na ninyi wengine mnaojifanya hamna haja ya kujua, haya ndiyo ninayokumbuka. Mambo ya vyeo nimeyaacha. Vilichelewa mpaka nikazoea kuishi bila.

Niliripoti kazini Kajiado mjini nikiwa nimevaa viatu vya kisigino. Mama yangu kule Matasia alikuwa amevinunua kwa ajili ya mahojiano, na sikuona kwa nini visifanye kazi ya pili. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Lemayian, afisa mkongwe wa afya ya umma, mrefu, mwenye maneno machache. Alibeba mfuko wa turubai wenye tochi, tepu ya kupimia, chaki na chupa ya klorini iliyokuwa imetoboa kila shati alilowahi kuvaa. Alivitazama viatu vyangu. Akanichukua mpaka kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga karibu na soko, na badala ya kugonga geti akazunguka upande wa nyuma.

"Mbele ni ya wageni," aliniambia. "Sisi tunaanzia nyuma."

Nyuma kulikuwa na mtaro wa maji machafu, na kiatu kimoja kikabaki humo. Lemayian alikichomoa kwa fimbo, akanikabidhi, akaendelea kunieleza umbali unaotakiwa kati ya choo na kisima kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho yake nilikuta gambuti juu ya meza yangu. Zilikuwa za mwanaume, kubwa ajabu, na nilitembea nazo Kajiado nzima nikisikika kabla sijaonekana.

Huyo mzee aliniita entito, yaani msichana, mpaka siku alipostaafu, wakati ambapo binti yangu mwenyewe alikuwa chuo kikuu. Lakini kazi alinifundisha. Alikuwa akigonga mlango anasubiri, anasalimia, anauliza habari za watoto, kisha ndipo anauliza choo kiko wapi. Nilidhani anapoteza wakati. Baadaye nikaona kwamba ukianza na choo, mtu atakuonyesha choo. Ukianza na watoto, atakuonyesha yule anayeharisha. Tochi nayo aliitumia mchana. Chumba cha mabati kisicho na dirisha ni giza hata jua likiwa utosini, na ukitaka kujua wanalala wangapi humo, mulika nguo zilizotundikwa ukutani. Usiulize. Watu hupungua ghafla wakihesabiwa na serikali.

Mwaka uliofuata walinipa pikipiki ya idara na eneo la kwenda mpaka Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi. Pikipiki ile ilikuwa na tabia ya kuzima mbele ya wazee waliokaa kivulini, kamwe si mahali pengine. Huko tulikuwa na watu wenye kifua kikuu, na maagizo yalitoka juu kwamba kila nyumba iwekwe dirisha kubwa. Aliyeandika maagizo hayo hakuwa amekumbuka kwamba kwetu Wamaasai nyumba hujengwa na mwanamke, na ni yake. Nilikwenda kwa mama mmoja aitwaye Ng'oto Sein, ambaye mumewe alikuwa kwenye dawa. Nikamwamkia, "Takwenya," akaitikia, "Iko," vizuri tu. Nikaanza kumweleza habari ya dirisha.

"Upepo utaingilia hapo," alisema. "Na baridi. Na huyu mgonjwa wako atakufa kwa baridi badala ya kikohozi. Umeshawahi kujenga nyumba, wewe?"

Nilikiri sijajenga.

"Basi nitatoboa upande huu ambao upepo haupigi. Lakini pembeni pakibomoka, wewe ndiye utapaka."

Pakabomoka. Nikapaka, kwa samadi na udongo, nikiwa na sare ya serikali, huku wale wazee wa kivulini wakija kuangalia mmoja mmoja na kunipa ushauri. Mumewe Ng'oto Sein alipona. Tangu hapo, kila nilipoandika mapendekezo kuhusu nyumba ya mtu, nilikuwa nasikia harufu ya ile samadi.

Halafu nikaletwa Kitengela. Wakati huo malisho yalikuwa yanauzwa vipande vipande na ploti zinachipuka kuliko nyasi. Mtu ananunua kipande, anachimba choo kimoja, anapanga vyumba vya mabati kukizunguka, na kabla rangi haijakauka wapangaji wameshaingia kutoka kila pembe ya Kenya. Kipindupindu kilipokuja, kilikuta kimetayarishiwa kila kitu.

Kesi ambayo siisahau ilikuwa ya ploti moja upande wa Noonkopir. Choo kilikuwa kimejaa mpaka juu, na wagonjwa walikuwa wametoka katika vyumba vinne. Nilikuwa na sheria mkononi, na sheria iliniruhusu kutangaza kwamba nyumba haifai kukaliwa na binadamu. Nilikuwa kijana, nilikuwa na hasira, na kusema kweli nilikuwa nimetamani sana kulisema neno "natangaza". Lemayian alikuwa amekuja kutoka Kajiado kunisaidia. Aliniacha nimalize, akaniuliza, "Ukishafunga, hawa watalala wapi?"

"Kwa jamaa zao."

"Hao jamaa wanakaa wapi?"

"Ploti zingine, nafikiri."

"Za choo kimoja?"

Nikakunja ile karatasi ya sheria.

"Sasa hivi unajua ugonjwa uko wapi," alisema. "Uko hapa, na una anwani. Ukiwafukuza, kesho utautafuta Kitengela yote."

Hatukufunga. Tulimsimamia mwenye ploti mpaka lori la kunyonya maji taka likaja, tukatia klorini kwenye kila mtungi, na akachimba choo cha pili tukiwa tumekaa hapo hapo kumtazama. Lemayian alileta hata kiti. Mwenye ploti alilalamika kwamba anachungwa kama ng'ombe. Lemayian akamwambia ng'ombe angekuwa amemaliza kuchimba.

Yeye alistaafu, akarudi kwa mifugo yake, na alifariki kabla ya ugonjwa wa korona. Mara nyingi katika kipindi kile nilitamani awepo, japo najua angekataa kuvaa barakoa.

Mnakumbuka barabara ilivyofungwa. Kitengela tukawekwa ndani pamoja na Nairobi, Kajiado mjini ikaachwa nje, na mimi na mkubwa wangu mpya tukawa tunaonana kwa simu tu, jambo lililotusaidia sote wawili kuelewana. Viwanda vilipunguza watu. Akina mama waliokuwa wakifua nguo kwenye estate, mitaa ya wenye nazo, walifungiwa mageti, kwa kuwa hakuna aliyetaka mtu wa nje aingie nyumbani kwake. Kazi ikiisha, kodi inaisha. Tuliambiwa tuwaombe wenye nyumba wawe na subira. Kuomba tuliomba. Sheria ya kumzuia mtu kumtoa mpangaji wake kwa sababu ya ugonjwa, hiyo hatukupewa.

Asubuhi moja mama mmoja kwenye ploti ya Mzee Kamande alinipigia simu. Alisema chumba namba saba kimetolewa mlango.

Kamande nilimfahamu miaka mingi. Alikuwa ametoka Murang'a akiwa kijana, akauza viazi, akanunua ploti, akajenga vyumba vya mabati na yeye mwenyewe akaishi chumba cha kwanza karibu na geti ili aone kila anayeingia. Namba saba alikaa Wafula, mlinzi wa zamani wa duka la vifaa vya ujenzi, pamoja na binti yake Nekesa na wajukuu. Wafula alikuwa ameshawahi kutibiwa kifua kikuu, na sasa alikuwa anakohoa tena. Nekesa ndiye aliyekuwa akifua nguo kwenye estate.

Niliingilia nyuma, kama nilivyofundishwa. Mlango ulikuwa umelazwa juu ya banda la kuku, na kuku walikuwa wameshaukubali. Namba saba ilikuwa imefungwa kwa blanketi. Kamande alikuwa amesimama uani akiwa na barakoa mbili, moja mdomoni na nyingine kidevuni, nadhani ya akiba.

"Simama hapo, Madam," aliniambia. "Usinikaribie."

"Habari ya asubuhi, Mzee. Nimeambiwa mlango wa namba saba umetoka."

"Haujatoka. Nimeutoa mimi."

"Kwa nini?"

"Kuna kitu imeharibika, natengeneza."

"Nini imeharibika?"

"Mtu aliye ndani."

Nilikuwa nimekuja nimejipanga kumchukia. Nilikuwa nimetayarisha hotuba njiani. Lakini alishusha ile barakoa ya juu, akaongea kama mtu anayeomba.

"Madam, mimi niko na sukari. Niko na presha. Redio inasema watu kama mimi ndio tunaenda kwanza. Huyu anakohoa usiku kucha na ukuta ni bati, nasikia kama amelala na mimi. Choo ni moja, mfereji wa maji ni moja. Nifanye nini? Ningoje?"

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Nilikuwa nimekuja kumlinda mnyonge mmoja nikakuta wawili, na kila mmoja amemwogopa mwenzake. Kutoka nyuma ya blanketi Wafula alikohoa. Nekesa akatoka, amembeba mtoto, akasema kwa sauti ya chini, "Madam, watoto wamelala hivyo jana. Mbwa waliingia."

Nikampigia simu mkubwa wangu. Akasema nizungumze na mwenye nyumba. Nikamwambia nimezungumza. Akasema niendelee.

Nikafungua begi nikatoa fomu ya notisi, nikaanza kuandika. Kamande alinyoosha shingo.

"Unaandika nani?"

"Wewe. Una nyumba yenye watu na haina mlango. Sheria inasema mwenye nyumba arekebishe."

"Unanishtaki kwa mlango wangu mwenyewe?"

"Mlango ni wako, nyumba ni yako. Kasoro pia ni yako."

"Na nikikataa?"

"Nitatangaza haifai kukaliwa."

Kamande hakuuza viazi miaka yote hiyo akiwa mjinga. Alipandisha tena barakoa, na nikaona macho yake yakicheka juu yake. "Tangaza, Madam. Ukitangaza, atatoka. Si ndiyo nataka?"

Nitawaambia ukweli, kalamu ilinikwama. Sheria niliyokuwa nayo ilikuwa inamfanyia kazi yeye. Nilisimama pale nikijifanya natafuta karatasi nyingine kwenye begi, na ndipo lile swali la Lemayian likanijia, isipokuwa safari hii lilimhusu mtu mwingine.

"Sawa," nikasema. "Lakini choo ni kimoja na mfereji ni mmoja, umesema mwenyewe. Siwezi kufunga namba saba peke yake. Nafunga ploti yote. Hawa wanaolipa pia watatoka. Na chumba cha geti." Nikamwangalia. "Wewe utalala wapi, Mzee?"

Alikaa juu ya mtungi wa maji. Mama aliyenipigia simu alikuwa amesimama mlangoni pake akijifanya anachagua maharagwe, na sidhani kama maharagwe yamewahi kuchaguliwa vizuri namna ile.

"Kwa hivyo mimi ndio niugue," Kamande alisema mwishowe.

"Hapana. Ile nyumba ya mawe unayojengea Njeri iko na nini?"

Nyuma ya ploti alikuwa ameanza nyumba ndogo ya mawe kwa ajili ya binti yake Njeri, aliyekuwa Nakuru na hakuweza kuja kwa sababu ya barabara. Haikuwa imepigwa plasta, lakini ilikuwa na paa, madirisha, mfereji na choo chake.

"Umweke Wafula kwa nyumba ya Njeri?" akauliza, akasimama. "Hiyo hapana."

"Si Wafula. Wewe."

"Mimi nihame kwa ploti yangu?"

"Huhami. Unajikinga. Huko uko na choo yako, hewa inapita, hakuna mtu wa kukukoholea. Wao ndio wabaki huku wakikoholeana."

Aliona aibu na akapenda wazo, yote kwa wakati mmoja. Akalalamika kuhusu plasta. Akalalamika kuhusu vumbi la simiti, kwamba litamuua kabla ya korona. Kisha akachukua bisibisi, akawafukuza kuku, akarudisha mlango kwa mikono yake huku akimweleza Nekesa kwamba bawaba zilikuwa mbovu tangu zamani. Nikamwomba akate na dirisha kwenye bati la ukuta wa nyuma, kwa ajili ya kile kikohozi. Alikata. Lilikuwa dirisha lililopinda kuliko yote niliyopata kuona, na nimeona ya Oltepesi niliyopaka mwenyewe.

Wafula tulimpeleka kupimwa. Haikuwa korona, ilikuwa kifua kikuu kimerudi. Akaanzishiwa dawa, na watoto wakapimwa pia. Kwa sababu Kamande hakuwa na wa kumpikia huko nyuma, ilikubaliwa Nekesa apike na kumfulia, na kodi ikae hapo kwanza. Alikuwa anaweka chakula dirishani na kurudi nyuma, na Kamande anakitia dosari kwa sauti kubwa mpaka barabarani wanasikia: chumvi imezidi, ugali umelegea, huko kwenu Bungoma mnakula hivi? Nekesa alinijia siku moja kulalamika. Nikamwambia siku mzee atakaponyamaza ndiyo anipigie.

Siku hiyo ilifika. Nekesa alikuta uji wa jana dirishani, haujaguswa, na inzi juu yake. Aliita, hakuitikiwa. Alinipigia simu akilia. Kamande alikuwa amemkaribisha dalali mmoja wa mashamba wakakaa ndani wakipiga hesabu za ploti nyingine, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Tulimkuta kitandani midomo imegeuka rangi, hawezi kumaliza sentensi, jambo ambalo kwa Kamande lilinitisha kuliko kipimo chochote. Ambulensi ilimpeleka hospitali akawekewa oksijeni. Nilisimama getini ikiondoka. Wafula alikuwa kwenye mlango wa namba saba, ameshika nguzo, na alikuwa amevua kofia. Nikamwambia avae, mtu hajafa.

Kwa muda hatukujua kama atapona. Njeri alikuwa ananipigia kutoka Nakuru kila siku, nami namwambia nilichoambiwa, yaani yuko vile vile. Wapangaji nao waliniuliza, wengine kwa huruma, na wengine, niseme ukweli, wakitaka kujua kodi itapokelewa na nani. Nekesa aliendelea kufagia ile nyumba ya mawe.

Alirudi. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, anatembea akipumzika. Nilikwenda kumwona, nikamkuta amewekewa kiti uani kwenye jua. Jambo la kwanza alilouliza ni nani ametumia choo chake. Nikajua amepona. Wafula alikuwa mbali kidogo kwenye mlango wake. Dawa zilikuwa zimemkolea na kikohozi kilikuwa kimepungua sana.

Kamande alikuwa anatusimulia mambo ya wodi. Chakula chao hakina chumvi. Vitanda vimepangwa kwa safu, choo kimoja kwa watu wote.

"Kulikuwa na mtu hapo anakohoa," alisema. "Usiku na mchana. Huwezi lala. Nikaogopa huyu ataniua. Nikaita nesi, nikamwambia, dada, mtoeni huyu mtu anayekohoa, mpelekeni chumba ingine."

Alipumzika, akavuta pumzi.

"Nesi akaangalia huku na huku. Akaniambia, mzee, hawa wengine wote wamelala. Anayekohoa ni wewe."

Mama wa maharagwe alicheka, akajiziba mdomo. Wafula hakucheka. Alikuwa anamtazama Kamande kutoka pale mlangoni, kwa utulivu tu.

"Na wakakutoa?" aliuliza.

Kamande alitazama chini. Nekesa akaja na kikombe cha uji, akamwekea mkononi.

"Hapana," Kamande alisema. "Hawakunitoa."